Dakika Tano za Ndugu Yetu Aliyeanguka

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiim. Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola aliyetuumba na akalinganisha maungo yetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema. Ama baad.



Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Allah. Na leo ninaanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Ramadhani, nami niko mwaka wa tatu wa udaktari hapa Bujumbura. Tulikuwa tumetoka tarawehe, tumekaa kwenye varanda ya bweni, mwenzetu wa chumba cha jirani akaanguka. Alikakamaa, kisha mwili mzima ukaanza kutikisika, na povu likamtoka mdomoni. Tulikuwa vijana kama kumi na wawili. Wawili walikimbia kwa kuogopa povu, wakiamini kuwa likimgusa mtu naye ataambukizwa. Mmoja aliinama akaadhini sikioni mwake. Mwingine alileta kijiko akajaribu kukipitisha katikati ya meno. Mwingine alitoa simu akarekodi. Kisha ukaanza mjadala: ni jini au si jini, na aitwe shekhe gani kutoka Buyenzi.

Mimi nilikuwa nimesoma somo la ubongo muhula uliotangulia. Nilijua. Nikanyamaza, kwa kuogopa kuambiwa kwamba masomo yamenipunguzia imani.

Aliyetuzindua ni mama anayetuuzia uji na mandazi ya daku. Alifika na sufuria lake, akalitua, akavua kitenge alichojitanda juu ya baibui akamfunika kijana yule, kwa kuwa nguo zilikuwa zimempanda. Akauliza: "Ameanza saa ngapi?" Hakuna aliyejua. Akasema: "Sasa wanangu, mnangoja nini? Tafuteni gari."

Tulifika hospitali ikiwa imepita zaidi ya nusu saa. Dawa ya kwanza haikutosha. Waliongeza ya pili, kisha nyingine. Alhamdulillah, alipona, lakini alizinduka vizuri siku ya tatu, na mwaka ule hakufanya mitihani. Nilipokwenda kumtembelea kwao aliniambia kwamba ana kifafa tangu utotoni na vidonge vyake alikuwa akivificha ndani ya soksi. Siku chache kabla ya Ramadhani mmoja wetu alimkuta akivimeza, akamwambia kuwa anayemtegemea Allah hahitaji vitu hivyo. Akaviacha. Kisha akaniuliza: "Kaka, wewe si unasomea udaktari? Usiku ule hukujua?"

Sikuwa na jibu. Haya ninayowaandikia ndiyo jibu langu, limechelewa.

Kilichokuwa kikitendeka ndani ya kichwa chake

Katika Suratu Dhaariyaat Mola wetu anatutaka tutazame ishara zake zilizomo ndani ya nafsi zetu. Basi na tutazame.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizi karibu zote hazigusani. Pale seli moja inapozungumza na nyingine, mahali tunapopaita sinapsi, pana upenyo wa nanomita 20 hivi. Penyo kama hizo 50,000 ukizipanga pamoja ndipo utapata milimita moja. Umeme unapofika ukingoni hauruki upenyo. Badala yake, ioni za kalsiamu huingia kwenye ncha ya seli, na vifuko vidogo vilivyojaa kemikali husukumwa hadi ukutani na kupasuka. Kuna protini zinazojisokota pamoja kama nyuzi za kamba ili kukivuta kifuko kigusane na ukuta. Kuna protini nyingine inayohisi kalsiamu na kutoa ruhusa. Kazi yote hiyo humalizika katika muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wanasayansi watatu waliotufunulia mpango wa vifuko hivyo, James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2013.

Ng'ambo ya upenyo kuna vipokezi, yaani protini zinazopokea kemikali hiyo na kufungua mlango. Ziko za aina nyingi, lakini kwa leo tuziweke katika makundi mawili. Vipokezi vya glutameti huisisimua seli na kuiambia isonge mbele. Vipokezi vya GABA huingiza kloridi na kuiambia seli itulie. Kila unachokifanya, kuanzia kusoma Fatiha hadi kushika kalamu, kinahitaji sauti hizi mbili zisikike pamoja kwa kipimo chake. Katika Suratu Rahmaan, baada ya kutaja kuinuliwa kwa mbingu, Allah anataja mizani, na anatukataza tusiivuruge. Mizani hiyo imo pia ndani ya upenyo usioonekana kwa macho.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo lililotupita usiku ule. Vipokezi havikupigiliwa misumari. Utando wa seli ni wa mafuta, na vipokezi huelea juu yake kama mitumbwi ya wavuvi inavyoelea kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Mtumbwi usipofungwa kwenye nguzo utakwenda na maji. Ndani ya sinapsi nguzo hizo ni protini nyingine. Protini iitwayo PSD-95 husaidia kuvishika vipokezi vya glutameti mahali pake. Protini iitwayo jefirini, ambayo jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya daraja, husaidia kuvishika vipokezi vya GABA. Na mitumbwi haikai majini siku zote. Seli huivuta mingine ndani ikaitia mingine nje, usiku na mchana, kulingana na haja. Hivyo ndivyo tunavyojifunza, na hivyo ndivyo tunavyosahau.

Mtu anapopatwa na kifafa, seli nyingi hupiga kelele kwa pamoja. Mara nyingi tukio huisha lenyewe baada ya dakika moja au mbili, kwa kuwa ubongo umewekewa namna ya kujituliza. Lakini lisipoisha, hutokea jambo la kutisha. Majaribio kwa wanyama wa maabara yameonyesha kwamba jinsi tukio linavyorefuka, vipokezi vya GABA, vile vya utulivu, hulegea kutoka kwenye nguzo zake na kuvutwa ndani ya seli, na wakati huo huo vipokezi vya glutameti vya aina ya NMDA huongezeka nje. Breki zinaondolewa na mafuta yanaongezwa.

Dawa ya kwanza ambayo wengi hupewa hospitalini ni ya jamii ya diazepamu. Dawa hii haina nguvu yake peke yake. Inafanya kazi kwa kuvisaidia vipokezi vya GABA kuitikia GABA. Vipokezi vikiwa vimekwisha kuvutwa ndani, dawa itamsaidia nani? Ndiyo maana madaktari wameweka mpaka wa dakika 5. Tukio likizidi hapo ni dharura. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu jini, na kila dakika ya mabishano yetu ilikuwa inaufunga mlango ambao dawa ingeingilia. Hatukumpiga, hatukumtukana. Tulimdhulumu kwa kusimama tu.

Je, tumeyakana majini?

Najua yupo atakayesema: huyu daktari anayakana majini. Hasha. Majini yametajwa katika Qur'an, na sisi tunayaamini. Ruqya kwa maneno ya Allah ni sunna, na hakuna daktari mwenye akili atakayekukataza kumsomea mgonjwa. Swali langu ni dogo zaidi: ni nani aliyekupa wewe elimu ya ghaibu hata ukaona mtu anatikisika ukajua papo hapo kuwa ni jini?

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ambaye wengi hupenda kumtaja katika mlango huu, alieleza kwamba maradhi ya kuanguka ni ya aina mbili. Moja ni ya roho mbaya. Ya pili inatokana na mwili, na hiyo, alisema, ndiyo wanayoijadili matabibu. Hakuifuta ya pili kwa sababu ameikubali ya kwanza. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliandikia kifafa mlango wake katika Qanuni yake ya tiba pamoja na maradhi ya ubongo. Basi anayempeleka mgonjwa wa kifafa hospitali hafuati desturi ya kigeni. Anafuata njia waliyoipita wanachuoni wake.

Na lugha yetu yenyewe inatupa funzo. Ugonjwa wa tetanasi wazee wetu waliuita pepopunda. Walimwona mtu amekaza meno, mgongo umepinda kama upinde, wakasema ni pepo. Hawakuwa wajinga. Waliita kwa elimu waliyokuwa nayo. Leo tunajua kwamba kijidudu kinachoingia kwenye kidonda hutengeneza sumu, na sumu hiyo huikata protini moja tu, sinaptobrevini, mojawapo ya zile nyuzi zinazovivuta vifuko ukutani. Hili lilijulikana mwaka 1992. Sumu huikata kwenye seli za utulivu, vifuko vyake havifunguki, na misuli inabaki bila wa kuituliza. Jina la pepo limebaki, lakini ni mama gani wa Buyenzi leo atakayeacha kumpeleka mwanawe chanjo kwa sababu ya jina? Tumeweza kwa pepopunda. Kwa nini tushindwe kwa kifafa?

Niongeze jambo moja kwa dada zetu hasa. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili huwashambulia vipokezi vya NMDA vya ubongo wake mwenyewe. Kingamwili hivishika vipokezi hivyo viwiliviwili, navyo huvutwa ndani ya seli. Wengi wa wanaoupata ni wasichana na wanawake vijana, na baadhi yao huwa na uvimbe kwenye ovari ndio ulioanzisha vita hiyo. Binti aliyekuwa mzima anaanza kusikia sauti, anasema maneno yasiyoeleweka, hatambui ndugu zake, kisha anapata mtukutiko. Ukimwona utaapa kwamba amepandwa. Na akitibiwa mapema, kwa kuituliza kinga na kuondoa uvimbe ukiwapo, wengi hurudi katika hali njema. Akifungiwa chumbani miezi mitatu akifukiziwa ubani tu, huenda asirudi. Msomeeni, naam. Lakini msomeeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Yule mama wa Peponi

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimwonyesha Ataa bin Abi Rabaah mwanamke mmoja mweusi, akamwambia kuwa huyo ni mwanamke wa Peponi. Mama huyo alikuwa amemwendea Mtume (s.a.w.) akamlalamikia kuwa anapatwa na kifafa na nguo zinamfunuka, akamtaka amwombee dua. Mtume (s.a.w.) akampa hiari: akitaka asubiri na apate Pepo, au akitaka amwombee apone. Akachagua subira. Kisha akaomba jambo moja tu, asiwe anafunuka, na Mtume (s.a.w.) akamwombea hilo.

Tazameni yaliyomo humo. Mtume (s.a.w.) hakumwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Hakumtenga wala hakuhimiza watu wamkimbie. Alimbashiria Pepo.

Wapo wanaoichukua Hadithi hii kuwa hoja ya kumwachisha mtu dawa. Ndugu yangu, mama yule alijichagulia mwenyewe baada ya kupewa hiari na Mtume wa Allah. Hakuna jirani wala mwenzake wa chumba aliyemchagulia. Sisi tulimchagulia mwenzetu. Mtu mzima wa afya alimpangia mgonjwa subira, naye akarudi kulala usingizi wake. Na Mtume huyo huyo (s.a.w.) alipoulizwa na Mabedui juu ya kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Fenobabitali, inayotumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, inafanya kazi kwenye vile vile vipokezi vya utulivu. Levetirasetamu hushika protini iliyomo kwenye vile vifuko. Aliyeumba protini hizo ndiye aliyewawezesha watu kuzijua. Kumeza kidonge kwa jina lake kunapinganaje na kumtegemea?

Na mama yule aliomba sitara. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma kuliko ugonjwa. Muuza uji wetu hakuwa amesoma chuo, lakini jambo lake la kwanza lilikuwa kumsitiri kijana. Sisi tulitoa simu. Kama kuna video ya aina hiyo katika simu yako leo, ifute kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu.

"Mimi sili nguruwe"

Lipo jingine ninalolisikia: kwamba kifafa cha minyoo ya nguruwe hakituhusu Waislamu. Utafiti uliofanywa Kiremba, kaskazini mwa nchi yetu, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha uhusiano mkubwa kati ya kifafa na mabuu ya tegu ya nguruwe. Ni kweli kwamba tegu mkubwa wa tumboni hupatikana kwa kula nyama hiyo ikiwa haijaiva. Lakini mabuu yanayofika kwenye ubongo hayatoki kwenye nyama. Yanatokana na mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu aliyeathirika, yakaingia katika maji, mboga mbichi au mikono isiyooshwa. Mayai hayaulizi dini ya mtu. Tohara tuliyofundishwa, maji safi na choo safi ni kinga yetu na ya majirani zetu wasio Waislamu pia. Zipo na sababu nyingine: malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, na nyingine za kurithi. Hakuna hata moja inayoambukizwa kwa povu.

La kufanya

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Katika nchi zenye kipato cha chini, robo tatu yao hawapati tiba wanayoihitaji. Kati ya hao wamo wasioipata kwa umaskini, na wamo wanaoificha ndani ya soksi kwa sababu yetu.

Basi ndugu yetu akianguka, jambo la kwanza tazama saa. Ondoa vitu vinavyoweza kumjeruhi. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, msitiri. Usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si maji, si kidole. Usimkandamize. Mtikisiko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Msomee ukipenda, sauti ya upole haimdhuru. Ikifika dakika 5 hajatulia, au akipatwa tena kabla ya kuzinduka, au ameumia, au ni dada mjamzito, au ndiyo mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali bila mkutano. Akizinduka asikute duara la watu wanaomtazama. Akute mtu mmoja anayemjua, amemshika mkono.

Na Ramadhani inapokaribia, mwenye kifafa amwone daktari mapema. Kuruka dawa na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha tukio. Wengine hupangiwa dozi wakati wa futari na daku wakafunga kwa salama. Wengine haiwezekani, na hao Allah amekwisha kuwapa ruhusa ya mgonjwa katika Suratul-Baqara. Anayeichukua ruhusa hiyo anamtii Mola wake kama anavyomtii mwenye kufunga. Usimtazame kwa jicho baya akinywa maji mchana.

Ndugu zangu, mwenzetu alirudi chuoni mwaka uliofuata. Alinisamehe, Allah amlipe kheri. Sasa anameza vidonge vyake mezani mbele yetu, na ukutani kwenye varanda ile tumetundika saa. Ni saa ya bei ndogo tu, lakini kila anayeishi pale anajua kwa nini ipo.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wasitiri wasiri wetu na uwape subira bila ya sisi kuwaongezea mzigo. Tusamehe kwa kila dakika tuliyosimama tukibishana na ndugu yetu yuko chini. Tupe elimu yenye manufaa na ujasiri wa kuisema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake wote. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.